Mita imenilipukia mkononi nikipima fezi tatu, na juu imeandikwa 750V. Kosa liko wapi?

#1 FundiMwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani na mashine ndogo ndogo, niko Mwanga hapa Kigoma. Jumamosi niliitwa Mwandiga kwenye mashine ya kusaga, mota inaguna bila kuzunguka. Nikahisi fezi moja haifiki. Nikafungua boksi la stata (la kuwashia mota), nikapima R na Y, nikapata 398 (fezi zenyewe tunaziita R, Y na B). Nikahamia Y na B. Kabla sijasoma namba ukapiga mlio kama baruti, mwanga wa bluu, mfuniko wa nyuma wa mita ukaruka ukaenda kugonga gunia la mahindi. Vidole viwili vya kushoto vimebabuka, nyusi zimebaki nusu. Namshukuru Mungu macho yapo.

Mita yenyewe ni DT9205, ile ya matundu manne. Kwenye selekta, kile kitufe cha kuzungusha, imeandikwa AC 750V, na pale chini kwenye matundu wamechapa CAT III 1000V. Mimi nimepima 400 tu, bado volti 350 kufika kikomo. Imelipukaje? Nisaidieni kabla sijanunua nyingine ya aina ile ile, maana ni elfu ishirini na tano na ndiyo ninayoimudu.

#2 MlaMichembe
Pole mkuu. Waya mwekundu ulikuwa kwenye tundu la 20A. Swali jingine?

#3 Kasulu_Juu
Nimeshamimina kahawa, nakaa hapa hapa.

#4 FundiMwanga
@MlaMichembe soma vizuri ndugu yangu. R na Y ilinisomea 398. Waya ungekuwa kwenye 20A ningesomaje volti? Ingelipuka pale pale mwanzo.

#5 MlaMichembe
Basi nafuta kauli. Nusu yake.

#6 SpanaMkononi
Tatizo lako ni kuamini maandishi. Hizo mita wanachapa juu chochote wanachotaka, wino hauna gharama. Fungua uangalie fyuzi. Ukikuta ya kioo, nyembamba kama kidole cha mtoto, imeandikwa 250V, ujue hiyo CAT III 1000V ni pambo. Mita ya kweli ya 1000V ina fyuzi nene ya kauri, ndani imejazwa mchanga, na imeandikwa 1000V kwenye kifuniko chake. Mchanga ule kazi yake ni kuzima moto wa umeme fyuzi inapokatika. Ya kioo ikikatika kwenye umeme mkubwa, moto unaendelea kupita humo humo kwenye mvuke wa waya, na kioo kinapasuka.

#7 FundiMwanga
Nimefungua sasa hivi. Fyuzi ni ya kioo, 250V kama ulivyosema, lakini haijaungua! Nzima kabisa, nimeipima kwa mita ya jirani. Kilichoungua ni zile njia za shaba kwenye bodi chini ya selekta, nyeusi tititi, nyingine zimepotea kabisa. Na tundu la 20A halina fyuzi yoyote, ni kipande cha waya mnene tu. Ndiyo nazidi kuchanganyikiwa.

#8 Mwl_Ampea (Tabora)
Pole sana kaka. Mimi nafundisha umeme chuo kimoja cha ufundi hapa Tabora, na kila mwaka nina kisanduku cha mita zilizokufa za kuwaonyesha wanafunzi. Yako ningeiomba.

Fyuzi kubaki nzima hakunishangazi. Kwenye aina hiyo fyuzi inalinda tundu la mA (la kupimia ampea ndogo) peke yake. Ukipima volti, umeme haupiti kwenye fyuzi hata kidogo. Kwa hiyo hata ungeweka fyuzi ya dhahabu isingekusaidia Jumamosi.

Sasa hilo la 750. Namba ile inakuambia mita inaweza kusoma mpaka wapi umeme ukiwa umetulia. Haikuambii itavumilia nini umeme ukishtuka. Na umeme wa laini haujatulia hata siku moja: kontakta (swichi ya sumaku ndani ya stata) ikiachia mota, transfoma ikikatwa na kurudishwa, radi ikipiga kilomita kadhaa kutoka hapo, kunapita wimbi la volti maelfu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hatari kubwa si hilo wimbi peke yake. Linachofanya ni kutoboa njia hewani kati ya vipande viwili vya shaba ndani ya mita. Njia ikishafunguka, umeme wa kawaida wa 400 unaingia kwa mlango huo huo, na huo sasa una transfoma nzima nyuma yake.

Ndiyo maana ya CAT, yaani daraja la mahali mita inaporuhusiwa kupima. CAT II ni vitu vya kuchomeka kwenye soketi. CAT III ni bodi ya usambazaji, meinswichi, stata, mota za fezi tatu. CAT IV ni kule umeme unakoingia: nguzoni, waya wa kuingilia nyumba, kabla ya Luku. Kadiri unavyosogelea transfoma ndivyo herufi hizo zinavyokuhusu.

#9 Katubuka_Boy
Asante mwalimu. Kwa hiyo nikikuta CAT II 1000V na CAT IV 600V, nachukua ya 1000, si ndiyo? 1000 ni kubwa kuliko 600.

#10 Mwl_Ampea (Tabora)
Hapana! Hilo kosa nalisahihisha kila muhula. Mita ya CAT II 1000V inajaribiwa kwa wimbi la volti 6,000 kupitia ukinzani wa omu 12. Gawanya, unapata ampea 500. CAT IV 600V inajaribiwa kwa volti 8,000 kupitia omu 2 tu, ni ampea 4,000. Mara nane. Kwenye stata ya kusaga mimi nabeba ya 600 na naiacha ya 1000 mezani. Linganisha herufi kwanza, volti baadaye.

#11 Ujiji_Kwetu
Mashine ya kusaga, Mwandiga, na jirani ana mashine nyingine iliyokosa wateja... hapo mnaleta CAT kweli? Fundi alikwenda kwa mwenye mashine bila kubisha hodi kwa wenye mtaa.

#12 Kasulu_Juu
@Ujiji_Kwetu mkuu tusiendelee kuuza mkoa wetu kwa sifa hiyo ya uchawi, tumechoka. Kwanza mita ingekuwa imetupiwa kitu isingesoma 398.

#13 MzeeWaReli
Vijana salamu. Mimi nimestaafu, nipo Tabora, nimeshika nyaya tangu enzi ambazo mita ilikuwa na mshale. Nauliza jambo moja tu: siku hiyo anga lilikuwaje?

#14 FundiMwanga
Shikamoo mzee. Mvua haikunyesha Mwandiga, ila ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kulikuwa kumejaa giza na ngurumo zinasikika. Mwezi huu ndiyo hali yake kila alasiri.

#15 MzeeWaReli
Marahaba. Basi mimi nimeshamaliza. Radi haina haja ya kukupiga wewe wala nguzo yako. Laini ya juu inayotembea porini inaokota mawimbi kutoka mbali, na kule kwenu laini zinatembea porini hasa. Sisi kazini ilikuwa mwiko kufungua boksi ukisikia ngurumo, hata bosi akikasirika. Kuna mwaka kijana mmoja tuliyekuwa naye alikaidi, akapima ubao wa pampu huku mbingu inaguna. Mita ilikuwa nzuri, ya gharama, ikapasuka kioo cha mshale, yeye akabaki na alama shavuni. Akaacha umeme, akaenda kurina asali Sikonge. Mpaka leo ana hali nzuri kuliko mimi.

#16 SpanaMkononi
Mzee heshima yako, ila radi tungejua. Nyumba za jirani zingelia, taa zingekufa. Fundi, kuna televisheni yoyote iliyoungua mtaa ule?

#17 FundiMwanga
Sijasikia. Ila kuna jambo sikulitaja mwanzo. Mwenye mashine alikuwa amesimama pembeni yangu, na mara mbili alibonyeza kitufe cha kijani cha kuwasha mota akidhani nimeshamaliza. Sikumbuki kama cha pili kilikuwa kabla ya mlio au wakati wa mlio.

#18 MlaMichembe
Hahaha mkuu, mambo yanatoka kidogo kidogo kama pensheni.

#19 Mwl_Ampea (Tabora)
Hilo si dogo. Mota yenye fezi pungufu ikiwashwa inabeba ampea nyingi sana, na kontakta ikishika na kuachia kunakuwa na msukumo wa volti kutoka kwenye koili zake. Wimbi laweza kutoka humo humo kwenye boksi bila radi yoyote. Halafu kaka, kwa nini meinswichi haikuwa na kufuli, funguo mfukoni mwako? Mteja hatakiwi kuwa na njia ya kubonyeza chochote mkono wako ukiwa ndani.

#20 FundiMwanga
Kufuli la meinswichi mimi sijawahi kuliona kwa fundi yeyote Kigoma, nisiseme uongo. Na pale nilihitaji umeme uwepo ili nijue fezi ipi haipo.

#21 Katubuka_Boy
Huenda kwenu umeme si 400 bali ni 415, ndiyo maana umezidi.

#22 Nzega_Volts
415/240 ni namba za zamani, bado zimo kwenye vibao vya mota nyingi. Sasa ni 400/230, hezi 50. Lakini hata ingekuwa 440 bado iko chini ya 750. Na asije mtu na hesabu za kilele (volti ya juu kabisa ya wimbi la AC) hapa: 400 mara 1.414 ni 566. Bado iko chini.

#23 Katubuka_Boy
Nilikuwa naandika hiyo ya kilele. Nimeifuta.

#24 Bangwe_Marine
Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ncha za nyaya za mita ziko nzima? Maana kwenye boti zetu nimeona watu wakilaumu mita wakati kosa ni la ncha. Stata nyingi skrubu za R, Y na B zimekaa karibu karibu. Ncha ndefu ya chuma ikiteleza inagusa mbili kwa pamoja, hapo ni shoti ya fezi kwa fezi. Mlio na mwanga wa bluu vinatoka kwenye stata, siyo kwenye mita, wewe kwa mshtuko unaona kama ni mita.

#25 FundiMwanga
Aisee. Nimezitoa kwenye begi. Ya nyeusi iko sawa. Ya nyekundu imepungua kama sentimita moja na mwisho wake ni kishanga cha chuma kilichoyeyuka. Na skrubu ya B ina kovu. Lakini Bangwe, mfuniko wa mita uliruka! Mita haikugusana na stata, ilikuwa mkononi.

#26 Bangwe_Marine
Mkononi mwa nani? Mkono mmoja ncha nyekundu, wa pili ncha nyeusi, mita aliishika nani?

#27 FundiMwanga
Dogo wangu ndiye aliyeishika.

#28 MlaMichembe
Kuna dogo sasa! Kasulu ongeza kahawa.

#29 Mwl_Ampea (Tabora)
Niongeze kwenye la Bangwe kabla dogo hajatupoteza. Nyaya nazo zina daraja lake. Za CAT III na CAT IV chuma kinachoonekana nchani hakizidi milimita 4, mara nyingi kuna kifuniko cha plastiki cha kuvalisha. Za CAT II zinaruhusiwa mpaka karibu milimita 19, na hizo ndizo zinazokuja na mita za bei rahisi. Ukiwa huna nyingine, vuta ule mpira unaosinyaa kwa joto, funika chuma, acha kipande kidogo tu cha kugusia. Haigeuzi mita kuwa CAT III, lakini kuteleza kunakuwa kugumu.

Na hili la pili: pale palipo na transfoma ya kVA 100, ampea zake za kawaida ni kama 144 kwa fezi. Kwenye shoti, ukichukua ukinzani wake wa asilimia 4, ni kama 3,600 pale pale kwenye transfoma, zinapungua kadiri waya unavyorefuka. Kwa hiyo stata ya Mwandiga ikiwa hatua chache kutoka kwenye nguzo, ncha ya chuma ni kama njiti ya kiberiti.

#30 Nzega_Volts
Swali la kizushi: fundi ulivaa nini siku hiyo?

#31 FundiMwanga
Jezi.

#32 Nzega_Volts
Ya timu gani?

#33 FundiMwanga
Haihusiani.

#34 Nzega_Volts
Rangi haihusiani, kitambaa kinahusiana sana. Jezi ni nailoni na poliesta, ikipata moto inayeyuka na kushika ngozi, daktari anaitoa kwa koleo. Vaa pamba, hata shati la mitumba mikono mirefu. Na miwani ya fundi magari ya kuchomelea ile nyeupe, elfu mbili tatu. Ila kama ni ile jezi ya upande wa pili, ilikuwa vema iungue.

#35 MlaMichembe
Nilijua tutafika hapo.

#36 FundiRedio_Isevya
Wakuu nami niseme yangu kwa sababu nyie wa fezi tatu mnadhani ninyi ndio wenye umeme mkubwa. Sisi wa vitu vya mezani tuna maikrowevu. Transfoma yake inatoa karibu volti 2,000, halafu kuna kapasita na dayodi zinazopandisha mpaka kilele cha 4,000 hivi. Mwenzangu wa banda la jirani alichukua mita kama ya FundiMwanga, akaweka selekta 1000 DC, akagusa. Mita ikatoa moshi, yeye akarushwa kwenye rafu ya spika. Alipona. Mimi tangu hapo maikrowevu sipimi upande ule ikiwa inawaka. Nachomoa kwenye soketi, nasubiri, natoa chaji ya kapasita kwa kizuizi (rezista) chenye kipini cha plastiki, ndipo napima omu za koili. Magnetroni (ile inayotoa mawimbi ya kupasha chakula) mbaya utaijua bila kupima volti.

Kapasita nyingi zina kizuizi ndani cha kumwaga chaji zenyewe, lakini kikikatika hakikutumii barua.

#37 Kasulu_Juu
Na televisheni za mgongo?

#38 FundiRedio_Isevya
Zile kwenye kile kikombe cha mpira nyuma ya kioo ni elfu 20 mpaka 25 kwa za rangi. Kwa hizo kuna ncha maalumu, ndefu kama rungu, ina ngao za duara za kuzuia umeme usitambae kuja mkononi. Ndani ina ukinzani wa megaomu 1,000 na inagawanya kwa 1,000, kwa hiyo elfu 25 inasomeka 25 kwenye mita yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Waya wake wa ethi unafungwa kwanza kabla ya chochote. Ninayo moja ya marehemu mwalimu wangu, sasa hivi naifutia vumbi tu maana televisheni zenyewe zimeisha.

#39 Katubuka_Boy
Kumbe! Sasa si ndiyo ya kupimia 33kV (volti elfu 33) ya nguzoni? Inafika elfu 40 nimesoma mahali.

#40 Mwl_Ampea (Tabora)
Mdogo wangu usithubutu!! Ncha ile imetengenezwa kwa vitu vyenye volti nyingi na ampea kiduchu, kama hiyo televisheni. Televisheni ikiingia njia hewani, umeme wake unaishiwa pumzi. Laini ya 33kV haiishiwi pumzi. Wenyewe hawaipimi kwa mita ya mkononi: kwenye kituo kuna transfoma ndogo ya kupimia inayoshusha mpaka volti 110, na mita inasoma hizo 110. Juu ya nguzo wanatumia fimbo ndefu ya faiba yenye kifaa nchani, na glavu zilizopimwa, na wana kibali. Chochote kuanzia Luku kwenda nguzoni si chako wala changu, kina sili na mwenyewe.

#41 MzeeWaReli
Na hii reli mpya ya umeme ni volti elfu 25 juu ya kichwa. Ikifika huku itabidi kila mwenye shamba la miembe karibu na njia aambiwe asipeleke upondo wa kuangulia maembe. Hapo hata mita huhitaji, upondo unatosha.

#42 MlaMichembe
Mzee, maembe ya Tabora yanaanguka yenyewe, upondo wa nini.

#43 Uvinza_Sola
Mnasahau umeme wa jua. Nimefunga pampu ya maji, paneli 12 mfululizo, kila moja kama volti 45 bila mzigo. Piga hesabu: 540 DC. Asubuhi ya baridi zinapanda zaidi. Watu wanaona ni sola wanadhani ni zile za kuchaji simu. AC inapita sifuri mara 100 kwa sekunde, moto wake unapata nafasi ya kuzimika. DC haina nafasi hiyo, moto ukishika unavutika kama ubuyu. Kamwe usichomoe zile soketi za paneli pampu ikiwa inafanya kazi, zima swichi ya DC kwanza. Na mita iliyoandikwa 600V DC hapo iko ukingoni kabisa.

#44 Bangwe_Marine
Kibirizi taa za dagaa sasa ni betri na LED, volti 12. Hapo mita ya elfu kumi inatosha maisha yote. Nyie hameni huko juu.

#45 Tumbaku_Urambo
Mimi simnunulii mtu mita. Natumia taa ya kupimia: balbu mbili za waya za 230 nimezifunga mfululizo, ncha mbili, basi. Kwenye fezi kwa fezi zinawaka zote. Miaka 15 sijalipukiwa. Na tena taa haidanganyi. Mita ya kidijitali inakuonyesha volti 180 kwenye waya uliokufa, umeme wa mzimu, fundi anapoteza siku nzima.

#46 Mwl_Ampea (Tabora)
Kuhusu umeme wa mzimu una haki kabisa kaka. Mita ya megaomu 10 inasoma hata umeme uliorukia kutoka waya wa jirani. Na kwa kesi ya Mwandiga kuna kubwa zaidi: mota ikiwa imeungwa na fezi moja imekatika, ile fezi iliyokufa inapata volti kurudi kupitia koili za mota. Unaweza kupima ukaona fezi tatu zote "zipo." Upime juu ya kontakta, upande umeme unakoingia, kontakta ikiwa imeachia, siyo chini, au ufungue waya za mota.

Lakini taa yako haina fyuzi, haina kinga ya mkono, na kioo kikipasuka umeshika waya mtupu. Na balbu za waya zinaadimika, ukiweka LED nayo itawakishwa na mzimu huo huo. Kuna tesita za ncha mbili zenye mzigo ndani, za CAT III, zinafanya kazi ya taa yako bila kioo. Siku nikija Urambo nitakuletea uijaribu.

#47 Tumbaku_Urambo
Karibu mwalimu, ila taa yangu sitoi.

#48 SpanaMkononi
Na hata kwa mita nzuri, kuna mpangilio. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pale unapotaka kugusa, kisha rudi tena pale pa kwanza. Kama mita imekufa katikati utajua hapo. Ncha nyeusi iwe na klipu, uibane, ubaki na mkono mmoja tu. Mwingine mfukoni.

#49 FundiMwanga
Ningekuwa na klipu nisingehitaji dogo. Hilo nimelipata.

#50 Dogo_Mwandiga (mwanachama mpya)
Habari zenu wakubwa, shikamooni. Mimi ndiye dogo mwenyewe, nimetumiwa huu uzi na mtu. Naona naandikwa bila kuulizwa.

Baada ya R na Y kusoma 398, bosi aliniambia nizungushe selekta kwenye omu tupime koili, nikazungusha. Kisha akasema hapana, rudisha kwenye volti. Nikawa narudisha. Wakati huo ncha zake zilikuwa zimeshagusa Y na B. Selekta ilikuwa bado haijafika 750, ilikuwa katikati. Ndipo ikapiga. Hata mimi nina malengelenge ila sikulalamika.

#51 Kasulu_Juu
Uuuwi.

#52 Nzega_Volts
Imeisha hiyo. Selekta ikizungushwa ncha zikiwa kwenye umeme, vile vijembe vya shaba ndani vinapita juu ya omu, juu ya kapasita, vinachora moto kutoka kituo kimoja hadi kingine. Ndiyo maana bodi imeungua chini ya selekta na fyuzi imebaki nzima.

#53 Bangwe_Marine
Na ncha iliyoyeyuka? Selekta haiyeyushi ncha. Ncha iliyeyuka kwa sababu iligusa viwili.

#54 Mwl_Ampea (Tabora)
Yaweza kuyeyuka kama umeme mkubwa ulipita ndani ya mita. Chuma chembamba ndicho kinachoanza. Lakini waya wenyewe nao ungekuwa umeungua ganda. Umeungua?

#55 FundiMwanga
Ganda la nyekundu limevimba karibu na ncha tu. Karibu na mita liko sawa.

Na @Dogo_Mwandiga, nilisema zungusha kabla ya kugusa. Kesho tukutane kazini.

#56 Dogo_Mwandiga
Sawa bosi. Lakini ulikuwa umeshagusa.

#57 MzeeWaReli
Ngurumo zilikuwepo. Msinisahau.

#58 Katubuka_Boy
Mkuu mota ilikuwa na tatizo gani mwishowe?

#59 FundiMwanga
Nilirudi jana na mita ya kuazima, CAT III 600V, nyaya zina vile vifuniko. Nimevaa shati la pamba. Meinswichi nimefunga kwa kufuli la baiskeli, funguo mfukoni mwangu. Skrubu ya B kwenye meinswichi ilikuwa imelegea, waya umeungua mpaka umekuwa mkaa, unagusa na kuachia. Nimekata, nimekaza, mashine inasaga.

Sasa mwenye mashine anasema kontakta yake ina kovu la ncha yangu, anataka niikatie kwenye ufundi. Mimi nasema kovu ni la kitufe chake cha kijani.

#60 Uvinza_Sola
Skrubu ya B iliyolegea, inagusa na kuachia? Basi hilo nalo lilikuwa linatoa cheche na mawimbi muda wote mliokuwa mnapima.

#61 MlaMichembe
Naomba kuuliza tena kuhusu lile tundu la 20A.